Kupiga lupu kwa dikshonari ya Python bila kuachwa steji

Dikshonari ni orodha ya jozi, kila kitu na thamani yake, na kupiga lupu ni kuzipitia moja moja. Tutumie namba za matatu juu kila mtu Nairobi anazijua. Nauli nimejitungia tu, usinijie nayo kwa steji:

```
nauli = {"46": 50, "58": 60, "111": 80, "125": 100}
```

Ukiandika `for x in nauli` unapata kii (hapa ni namba ya ruti) peke yake, 46, 58, hivyo hivyo, bei huioni. Ukitaka bei tu ni `nauli.values()`. Lakini mara nyingi unataka zote mbili:

```
for ruti, bei in nauli.items():
    print(ruti, bei)
```

Hiyo `.items()` usiisahau. Mimi niliisahau usiku mmoja nikabaki nimetoa macho, juu programu haikukataa hapo hapo, ilinipea 4 6, halafu 5 8, ndio ikafika 111 ikalia `ValueError: too many values to unpack`. Kumbe bila `.items()` Python inashika kii pekee, na kii yenyewe ni maandishi, so inaipasua herufi kwa herufi ijaze zile variabo mbili, "46" inatosha, "111" inazidi. Kama ruti zangu zote zingekuwa za tarakimu mbili singeona erori yoyote, ningeamini tu kuna matatu namba 4 inabeba watu na bob 6.

Sasa mvua inyeshe, nauli ipande. Kubadilisha bei ukiwa ndani ya lupu haina noma, `nauli[ruti] = bei + 50` inaingia poa. Shida ni kufuta. Ukiweka `del nauli[ruti]` hapo ndani inakutupia `RuntimeError: dictionary changed size during iteration`, ni kama makanga anahesabu abiria na wengine wanashukia mlango wa nyuma. Hesabu kopi:

```
for ruti, bei in list(nauli.items()):
    if bei > 100:
        del nauli[ruti]
```

Baada ya hiyo mvua unabaki na 46 pekee, wa Rongai wanaopanda 125 watajua watafika aje.

Kuhusu mpangilio, kuanzia Python 3.7 vitu vinatoka vile uliviingiza. Ukitaka ya bei rahisi ianze, panga kwa bei (`p` ni jozi moja, `p[1]` ni bei yake):

```
sorted(nauli.items(), key=lambda p: p[1])
```

Na ukikutana na mfano wa kitambo una `.iteritems()`, hiyo ni ya Python 2, toa hizo herufi nne za mwanzo uendelee.