Somo: Kuuza nyumba unayoishi Marekani, kodi inahesabiwaje

Kila wiki naulizwa jambo hili hili inbox. Naliandika hapa mara moja. Soma lote ndipo uulize.

1. Ili faida ya mauzo isamehewe kodi mpaka kiwango cha namba 6, uwe umeimiliki na kuishi humo miaka 2 ndani ya 5 kabla ya siku ya kuuza. Si lazima ifuatane.

2. Usiwe umetumia msamaha huu kwa nyumba nyingine ndani ya miaka 2.

3. Pata gharama yako: bei ya kununulia, ada za hati na mwanasheria, halafu maboresho kama paa jipya au chumba cha kuongeza. Kuziba bomba linalovuja hakumo.

4. Bei ya kuuza, toa kamisheni ya dalali, toa gharama ya namba 3. Hiyo ndiyo faida. Deni la benki haliingii popote.

5. Uchakavu, yaani kiasi unachokata kwenye kodi kila mwaka kwa kuwa jengo linachakaa. Hapa ndipo nilipoumia. Miaka 8 nilifanyia biashara yangu chumba cha nyuma, na kila mwaka nikakata uchakavu wake ili kodi ipungue. Nilipouza, faida ilikuwa chini ya kiwango cha msamaha, nikaamini nimemaliza. Barua ikaja. Uchakavu wa kuanzia baada ya tarehe 6 Mei 1997 hausamehewi. Unatozwa mpaka asilimia 25. Mimi nilikuwa nimekata jumla ya dola 6,200, kwa hiyo kodi ikawa 1,550, bado riba. Kilichonitesa zaidi ni kufukua maboksi wiki tatu nikitafuta tarakimu moja kwenye fomu ya kila mwaka. Nawasihi: msitupe Fomu 8829 (ile ya gharama za chumba cha kazi nyumbani) hata moja mpaka nyumba iuzwe na miaka 3 ipite baada ya kuwasilisha ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) yenye mauzo hayo. Na uchakavu huo unapunguza gharama ya namba 3, usiusahau pale.

6. Kwa faida iliyobaki, msamaha ni dola 250,000 kwa mtu mmoja, 500,000 kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja.

7. Ukipewa Fomu 1099-S, karatasi inayoonyesha mauzo ya nyumba, ripoti mauzo hata kama hudaiwi kitu.

Swali: Nimeuza 400,000, benki ikachukua 330,000. Kodi ya hiyo 70,000 niliyobaki nayo ni ngapi?

Jibu: Rudi namba 4. Ulinunua kwa bei gani?

Swali: Mkuu nipo kazini, sijasoma yote. Nadaiwa au sidaiwi?

Jibu: Bila bei ya kununulia siwezi kujua, na atakayekujibu anabahatisha kwa hela yako.

Swali: Samahani, mimi chumba cha kazi nilikikatia kwa njia fupi, dola 5 kwa futi ya mraba. Uchakavu wangu naupataje?

Jibu: Umeuliza vizuri sana, dada. Njia hiyo, ambayo mwisho wake ni futi 300, uchakavu wake ni sifuri. Hesabu ile miaka ya njia ndefu tu, ya Fomu 8829. Tena kuna jambo wengi hawalijui: kama kuna mwaka ulistahili kukata uchakavu ukakata pungufu, na una karatasi za kuthibitisha, kinachonyimwa msamaha ni kile ulichokata kweli. Kwa hiyo tunza ritani zote.

Swali: Nje ya mada kidogo. Nina kijana mmoja nimemwajiri. Kodi niliyomkata naweza kuizungusha mpaka hela ya nyumba iingie?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, tafadhali. Kodi ya mapato na ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya serikali) uliyomkata si zako, umeshikilia tu. Ukizitumia kwa kujua, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inaweza kukutoza wewe binafsi faini sawa na kiasi hicho chote, hata kama biashara ni kampuni, na deni hilo likaifuata mpaka nyumba. Yako ni ile 7.65 nyingine unayoongeza. Fungua akaunti ya pembeni. Siku ya mshahara, hamisha kabla hujagusa bili yoyote.

Swali: Akaunti hiyo iwe benki ile ile?

Jibu: Mimi naweka benki nyingine, na kadi yake sitembei nayo.