Anza na gitaa la rithimu: namna ya kusikiliza wimbo wa dansi

Jioni moja nilimwekea mpwa wangu wimbo wa Mlimani Park, bendi ya dansi ya Dar es Salaam. Akasikiliza kwa adabu, kichwa kikitikisika kidogo, halafu akaniuliza: "Mjomba, mbona wameshamaliza kuimba na wimbo bado unaendelea?"

Swali lile lilinikaa. Kwake wimbo ni maneno. Maneno yakiisha, wimbo umeisha, kilichobaki ni vyombo tu. Nami nilisikiliza hivyo kwa miaka mingi, na nilikuwa nikijihesabu mpenzi wa dansi wa kweli, ninayejua nani kaimba nini na bendi gani. Nimeandika haya kwa ajili yake, na kwa yeyote anayezipenda nyimbo hizi kwa mbali bila kujua aingilie mlango upi.

Mimi niliingizwa na spika iliyokufa. Nilikuwa na redio kaseti ya spika mbili, ya kushoto ikaharibika, na fundi hakupatikana upesi. Nikaendelea kuitumia na spika moja. Kulikuwa na kanda ya mchanganyiko wa nyimbo zilizorekodiwa Nairobi, kanda niliyoijua kwa moyo. Siku ile ikawa kanda nyingine kabisa. Gitaa la solo, lile ninalolifuata siku zote, lilikuwa limerudi nyuma kama linapigwa nyumba ya jirani. Mbele yake lilisimama gitaa ambalo sikuwahi kulitilia maanani, likizungusha noti chache, zilezile, hazizidi tisa au kumi. Kila likimaliza mzunguko liliacha pengo dogo kabla ya kurudi mwanzo, na ndani ya pengo hilo ndimo besi ilimojitumbukiza. Nilirudisha kanda nyuma mara nne. Mara ya nne nilikuwa nimesimama.

Kwa hiyo kama utafuata jambo moja tu katika haya yote, fuata hili: usianze na mwimbaji, wala usianze na solo. Anza na gitaa la rithimu, lile linalozungusha noti chache zilezile.

Lakini kwanza uupate wimbo wenyewe, mzima. Nyimbo nyingi zilizotolewa Nairobi miaka ya 1970 zilichapwa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri hiyo hauchukui zaidi ya dakika tano hivi. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza unafifia katikati, unageuza santuri, unaendelea upande wa pili. Aliyeihamishia mtandaoni mara nyingine aliweka upande wa kwanza peke yake. Ukisikia wimbo unafifia wakati magitaa ndiyo kwanza yanachangamka, jua umepewa nusu. Tafuta nakala iliyounganishwa. Usiendelee bila hiyo.

Za Tanzania zina hadithi yake. Bendi za huku zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, waimbaji na vyombo pamoja, wimbo mzima kwa mkupuo, na nyingi hazikuwahi kuwa santuri. Hatukuwa na kiwanda cha kuzichapa, na mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977. Mpenzi aliyeutaka wimbo aliutegea redioni, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodi. Ndiyo maana nakala nyingi zina sauti ya mtangazaji mwanzoni, au zimenakiliwa kanda kwa kanda hadi mwendo umeharibika. Sikiliza sauti ya mtu unayemfahamu. Mwimbaji marehemu Muhidin Maalim Gurumo alikuwa na sauti nzito. Akisikika mwembamba kama kijana wa shule, kanda hiyo inakimbia. Tafuta nyingine.

Kuhusu chombo cha kusikilizia, sina masharti makubwa, ila moja: usitumie spika ya simu. Spika ile ni ndogo mno kutoa sauti za chini, na gitaa zito, yaani besi, linapotea karibu lote. Najua watu huweka simu ndani ya kikombe ili sauti ikue. Sauti inakua kweli, lakini ni ya juu na ya kati tu, besi hairudi. Spika za masikioni za bei ndogo zinatosha. Na wimbo ukiwa umerekodiwa kwa njia mbili, kushoto na kulia, zitakupa ule mchezo wangu wa spika iliyokufa: toa sikio moja, sikiliza, kisha badilisha. Rekodi nyingi za redio hazitakupa tofauti kwa njia hii. Hapo punguza sauti mpaka karibu na kunong'ona. Ukifanya hivyo akili inaacha kurushwa na tarumbeta na inaanza kuchagua.

Sasa weka wimbo. Kwa mtu anayeanza, mimi huchagua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, na sababu yangu ni hiihii ya gitaa. Bendi hiyo ilizaliwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanga, wakapitia Arusha, wakaingia Kenya. Gitaa la rithimu Les Wanyika lilipigwa na Omar Shabani, ambaye wapenzi walimwita Profesa, na besi ilipigwa na Tommy Malanga. Usikilize wimbo wote ukimfuata Profesa peke yake. Utashindwa. Ndani ya nusu dakika mwimbaji atakuvuta, kisha solo litakuvuta, na utajikuta umempoteza. Si kosa, masikio yetu yamefundishwa kukimbilia sauti ya mtu. Rudi tu ulipompotezea. Mara ya tatu au ya nne utaona anavyoupiga uzi kwa ukavu, bila kuuacha ulie kwa muda mrefu, kama mtu anayetwanga kwa mchi mwepesi. Hapumziki na hajionyeshi. Wenzake wote wanaweza kuthubutu kwa sababu yeye yupo.

Ukishampata, mwongeze Malanga. Besi ya dansi ina ukimya mwingi kuliko unavyodhani. Jaribu kuihesabu: inasema maneno mawili matatu, inanyamaza, inasema tena. Mchezaji anayumba penye ule ukimya. Nadhani hapo ndipo bendi nyingi za siku hizi zinaponipoteza, maana besi yao inajaza kila nafasi na mwili haupati pa kuingilia.

Kuna zoezi moja la mikono ambalo ningependa ulifanye hata kama utaruka mengine. Hesabu moja hadi kumi na sita kwa mwendo sawa, na upige kofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Makofi matatu, kisha mawili. Rudia mpaka mikono ifanye yenyewe. Huo ni mpigo wa Cuba, uliotufikia Afrika kwa santuri, zikiwemo zile za mfululizo uliopewa alama ya GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, na ndio ulioingia kwenye rumba ya Kongo na baadaye dansi yetu. Si kila wimbo unaupiga waziwazi. Lakini ukiwa nao mikononi, utashtuka jinsi ngoma za tumba, rithimu na hata mpangilio wa maneno vinavyouegemea. Mpwa wangu aliupata siku ya pili, akipiga juu ya meza ya chakula, na mama yake akatufukuza.

Baada ya hapo ndipo tunakwenda kwenye maneno, na sitaki uyapite haraka, kwa sababu watunzi wa dansi ni watunzi hasa. Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: nani anasema, na anamwambia nani? Katika "Sina Makosa" msemaji hamwimbii mpenzi wake. Anajitetea mbele ya mwanamume mwenzake aliyepandwa na hasira kwa sababu ya mwanamke. Mwanamke mwenyewe hasemi lolote. Ukilijua hilo, utulivu wa ile sauti unabadilika maana: ni mtu anayeongea taratibu ili mwenzake asimrukie. Na kumbuka rithimu ya Profesa chini yake, isiyopanda wala kushuka. Gitaa linamsaidia mtu kutuliza ugomvi.

Nyimbo nyingi za dansi zimejengwa hivyo, mtu anamwambia mtu. Ni barua, ni shauri mbele ya wazee, ni onyo kwa rafiki, ni mke anayeuliza mume alikuwa wapi. Mwanamume anaweza kuimba kwa kinywa cha mwanamke na hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo chukua daftari uandike wimbo mzima kwa mkono, mstari kwa mstari, pamoja na kiitikio. Usinakili maneno yaliyoandikwa na mwingine. Mengi yana makosa, na kazi ya kusimamisha na kurudisha ndiyo inayokufungua masikio. Pembeni ya kila mstari weka alama: nani kauimba, mmoja au kundi. Utaona kiitikio mara nyingi hakirudii tu maneno ya mwimbaji, kinamjibu. Wakati mwingine kinamuunga mkono, wakati mwingine kinamwambia akubali yaishe.

Mbaraka Mwinshehe alifanya jambo hili peke yake, na kwangu hana mwenzake. Aliimba na kupiga solo, kwanza na Morogoro Jazz, kisha na Super Volcano, hadi alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, akiwa na miaka 34 tu. Chukua wimbo wake wowote wa taratibu usikilize mwisho wa mistari. Sauti inaposhuka, gitaa linapokea, na mara nyingi linaimaliza sentensi ambayo mdomo uliiachia njiani. Mimi hujaribu kuweka maneno kwenye yale majibu ya gitaa. Usiku mwingine yanakuja yenyewe.

Sasa umefika mahali mpwa wangu aliponiuliza swali. Mashairi yameisha, mwendo unaongezeka, wimbo unachemka, sebene limeingia, yaani ile sehemu ya mwisho ambamo vyombo ndivyo vinavyotawala. Safari hii hutakuwa mgeni, kwa sababu unamjua mtu mmoja ndani: rithimu. Mtafute kwanza. Mara nyingi atakuwa amebadilisha mzunguko wake, mfupi zaidi, mkali zaidi, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyowaambia wenzake kwamba zamu imefika. Ukimshika, ndipo umruhusu mpiga solo akuchukue. Kwa Mlimani Park ongeza wapulizaji: saksafoni na tarumbeta zinasema sentensi yao, magitaa yanajibu, zinarudia na tofauti ndogo mwishoni. Tofauti hiyo ndogo ndiyo ya kuvizia. Mimi naweza kungoja dakika tatu kwa ajili yake.

Utaulizwa wewe ni Sikinde au Msondo. Usikimbilie kujibu. Sikinde ni mtindo wa Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978. Msondo ni ile iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa Juwata, ikawa OTTU, mpaka jina la mtindo likawa ndilo jina la bendi. Ushindani wao ulitupa nyimbo kubwa, lakini msikilizaji anafaidika zaidi akimfuata mtu kuliko jina la bendi. Gurumo aliimba NUTA, akahamia Mlimani Park, akapitia Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo. Chukua wimbo wake mmoja kutoka kila kituo, uziweke mfululizo. Sauti ni ileile, lakini magitaa yaliyo chini yake si yaleyale, na utasikia anavyokaa tofauti juu ya kila kiti. Kisha mfuate Hassan Rehani Bitchuka, aliyeimba pande zote mbili, mwenye sauti nyembamba inayopanda bila kutumia nguvu. Wawili hao wakiimba pamoja, mmoja chini na mwingine juu, ndipo nami huacha kufuata gitaa.

Utaniuliza: nisikilize kiasi gani? Wimbo mmoja kwa wiki. Nasema kweli. Zamani kanda moja ilikuwa na nyimbo chache na tulizimaliza zote, mpaka mikwaruzo yake tukaijua. Leo simu ina maelfu, na mkono unaruka kabla ubeti wa kwanza haujakwisha. Mimi nina saa yangu, baada ya watu kulala, na daftari ambalo kila ukurasa una wimbo mmoja: juu jina na bendi, chini mambo niliyoyasikia siku hiyo ambayo jana sikuyasikia. Kuna ukurasa wenye maandishi ya miaka kumi na moja. La mwisho niliandika mwezi uliopita: "mpiga tumba anakohoa kabla ya sebene."

Siku ya saba zima kila kitu. Piga makofi yako, matatu na mawili, na uuimbe mstari wa rithimu kwa mdomo, bila maneno, kuanzia mashairi mpaka ndani ya sebene, ukiugeuza pale unapogeuka. Ukikwama, una wiki nyingine na wimbo huohuo. Usipokwama, niambie, nikuchagulie wa pili.