Kutafuta Chembe Nyepesi kwa Mchoro wa King: Mwongozo wa Kuanza na Kalisi

Ikiwa ipo chembe nyepesi isiyojulikana inayobeba kani kati ya elektroni na nyutroni, viwango vya nishati vya atomi vitasogea zaidi kadiri nyutroni zinavyoongezeka katika kiini. Ndiyo maana tunalinganisha isotopu za elementi moja, yaani atomi zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni tu, kwa njia aliyoianzisha W. H. King mwaka 1963.

Hatua ya 1: Chagua elementi. Zinahitajika isotopu nne au zaidi zisizo na spini ya kiini (mzunguko wa ndani wa kiini), pamoja na mipito miwili, yaani miruko ya elektroni kati ya viwango vya nishati, ambayo frikwensi yake ni myembamba sana. Kalisi inafaa, kwa kuwa isotopu zake za 40, 42, 44, 46 na 48 zote zina spini sifuri. Tatizo ni kalisi-46, ambayo asilia haizidi atomi nne hivi katika kila laki moja. Agiza mapema sampuli iliyorutubishwa, na ujiandae kwa bei.

Hatua ya 2: Nasa na upoze. Leza ya nanomita 423 huanza kuing'oa atomi elektroni, na kwa kuwa kila isotopu hunyonya frikwensi tofauti kidogo, hapo ndipo unapochagua ioni (atomi iliyovuliwa elektroni) unayoitaka. Leza ya 397 huipoza, huku ya 866 ikiirudisha kila inapokwama katika kiwango kingine cha nishati.

Hatua ya 3: Pima mipito ya nanomita 729 na 732. Nasa isotopu mbili katika mtego mmoja na uzipime kwa wakati mmoja, ili mtikisiko wa usumaku unaozigusa zote mbili ujifute unapotoa tofauti. Kwa mpito wa 729, kalisi-40 na kalisi-42 hupishana kwa takribani gigahertz 2.77, nasi tunataka kuijua tofauti hiyo hadi Hertz chache au chini yake.

Hatua ya 4: Chora. Gawanya kila tofauti ya frikwensi kwa tofauti ya vinyume vya masi za viini (1/masi), kisha weka mpito mmoja kwenye mhimili mlalo na mwingine kwenye mhimili wima. Ukubwa wa kiini, tusioujua kwa usahihi wa kutosha, hujiondoa katika hesabu, na nukta zinapaswa kukaa kwenye mstari mnyoofu; kani ya chembe mpya ingeupinda.

Hatua ya 5: Mstari ukipinda, usikimbilie kutangaza chembe. Mpindo ulioonekana katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2020 katika elementi ya iterbi ulikuja kuhusishwa zaidi na umbo la kiini. Katika kalisi, kagua kwanza athari ya masi ya daraja la pili (sehemu ndogo ya athari ya masi ambayo mgawanyo wa Hatua ya 4 hauiondoi), kisha namna elektroni zinavyokivuta kiini kikabadilika. Mipito ya 729 na 732 hufanana mno, kwa hiyo ongeza mpito wa nanomita 570 wa kalisi iliyovuliwa elektroni 14 ukiweza. Ukishaondoa athari hizo, mpindo uliobaki, hata ukiwa sifuri, ndio unaoweka kikomo cha nguvu ya chembe hiyo kwa kila masi inayodhaniwa.