Kukata vitambaa vya Januari ukiwa na saratani

Mimi ni fundi wa nguo hapa Umoja, Nairobi. Mwezi wa tatu mwaka jana niliambiwa nina saratani ya utumbo mpana, na imeshafika kwenye ini. Hatua ya nne. Daktari alinipa habari hiyo tumesimama kwenye korido, watu wakipita na faili zao, nami nikaondoka bila kuuliza hata swali moja. Ikikutokea hivyo, rudi. Omba siku ya kukaa chini, uende na mtu wa kusikiliza pamoja nawe (mimi nilikwenda na mdogo wangu), na maswali uwe umeyaandika. Yangu yalikuwa matatu. Dawa hii ni ya kuniponya au ya kuuzuia ugonjwa usienee? Tutajua lini kama inafanya kazi? Isipofanya, kuna nini kingine?

Jibu la kwanza lilikuwa kuzuia. Liliniuma, lakini tangu siku hiyo najua ninachokiomba.

Kuuliza umebakiza muda gani si lazima. Mimi niliuliza, nikatajiwa miezi, nayo ikanikaa kifuani kama tarehe ya kesi. Kijana wangu ndiye aliyenifafanulia kwamba ile ni nambari ya mtu wa katikati. Wapange wateja wangu mstari kwa urefu, umpime wa katikati: hujajua bado yule wa mwisho ana urefu gani. Nusu ya wagonjwa hawafiki nambari ile, nusu huivuka, na wengine huivuka mbali. Akanisimulia habari za Stephen Jay Gould, mwanasayansi wa Marekani, aliyepatikana mwaka 1982 na saratani ambayo mgonjwa wa katikati aliishi miezi 8. Yeye aliishi miaka 20. Sikujiambia nitakuwa kama yeye, ila niliacha kuhesabu miezi kwenye kalenda ya dukani.

Sasa nahesabu mizunguko ya dawa. Wangu ni wiki tatu: siku moja ya dripu, vidonge siku 14, kisha siku 7 za kupumzika. Siku za mwanzo nafunga duka. Wiki ya mwisho ndiyo ya harusi, ya kumwona mama kijijini, ya kushona gauni gumu. Jua wiki yako nzuri ni ipi, na usiitumie yote kwa foleni za makaratasi ya SHA (bima ya afya ya serikali) kama una mtu wa kukusaidia.

Dawa ya dripu yangu inaitwa oksaliplatini. Hakuna aliyenionya kuhusu baridi. Asubuhi baada ya dripu ya kwanza nilishika mkasi wangu mzito wa chuma, ule niliorithi kwa shangazi, nikauachia ukaanguka: ilikuwa kama nimeshika waya wa umeme. Nililia, nikidhani kazi imeniisha mikononi. Kumbe ni dawa, na siku chache baadaye ilipungua. Vipini nimevivika kitenge, nimevishonea kwa mkono. Maji nakunywa vuguvugu, na Julai navaa glavu hata ndani ya matatu. Ganzi ikiwa bado ipo dripu inayofuata ikikaribia, mwambie daktari, kwa maana anaweza kupunguza dozi.

Kipimajoto kiwe nyumbani. Homa ikifika nyuzi 38 ukiwa kwenye kemo, yaani dawa hizi za saratani, nenda hospitali usiku huo huo, usingoje kupambazuke.

Kungoja majibu ya skani ndiko kunakonichosha kuliko dripu. Kabla hujatoka pale, uliza majibu yatasomwa siku gani. Chagua mtu mmoja wa kuwajibu jamaa kwenye WhatsApp. Simu izimwe saa tatu usiku. Mimi siku hizo natia vifungo tu, maana vifungo havihitaji akili.

Wapo walioniambia kuandika wosia ni kukosa imani. Mimi kila usiku naomba nipone, na wosia nimeuandika. Vivyo hivyo Nairobi Hospice, kituo cha kuwatuliza wagonjwa maumivu, jirani na Hospitali ya Kenyatta: wengi hudhani ni mahali pa kwenda kufa. Mimi nilikwenda kwa sababu ya maumivu ya ubavu, nikapewa dawa, nikasikilizwa, na jioni nikarudi kwenye cherehani yangu.

Watoto watauliza. Usiwaahidi usichokishika, na usiwafungie mlango. Kitinda mimba wangu aliniuliza, "Mama, utanishonea sare ya Gredi ya 9?" Nilimjibu, "Nataka sana, mwanangu, na kitambaa nimeshanunua. Nisipoweza, fundi wa kibanda cha pili ana vipimo vyako."

Vipimo hivyo nilivichukua upya Jumamosi. Nimeongeza inchi mbili za upindo, kwa kuwa anarefuka.