Ondoa asili kabla ya kugusa x

Mlinganyo wenye sehemu usianze kwa kujumlisha sehemu. Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote) ya asili zote, zile namba za chini ya mstari wa sehemu, kisha zidisha kila kitu kwa hiyo KDS. Kila kitu, hata ile namba nzima iliyojikalia peke yake upande wa kulia. Hiyo ndiyo husahaulika sana.

Chukua (x + 1)/2 − (x − 3)/5 = 5. KDS ni 10, kwa hiyo:

5(x + 1) − 2(x − 3) = 50

Mabano hayo yaandike hata kama unaona unaweza kuyaruka kichwani. Mstari wa sehemu ulikuwa unafanya kazi ya mabano, na ukishaufuta, alama ya kutoa lazima iguse x na −3 pia. Inakuwa 5x + 5 − 2x + 6 = 50, yaani 3x = 39, x = 13.

Ukiandika −6 badala ya +6 utapata x = 17. Namba safi kabisa, na ndiyo maana inadanganya! Irudishe mwanzoni: 18/2 − 14/5 ni 6.2, si 5. Ila 13 inatoa 7 − 2.