Kiu ya saa kumi na moja jioni: namna ya kukaa nayo bila kunywa

Kiu ya pombe huanza kama picha. Unafunga kazi, hujawaza lolote, mara unaiona chupa imetoka kwenye friji, jasho linateremka kwenye lebo, mhudumu ana opena mkononi. Unausikia na ule mlio wa kizibo. Unapokuja kusema “leo nisinywe”, mate yameshajaa mdomoni na miguu inaelekea kwenye grosari.

Mwaka 2005 watafiti David Kavanagh, Jackie Andrade na Jon May waliliandika jambo hili kitaalamu: wazo la pombe hupita kichwani lenyewe, na linageuka kiu kali pale akili inapoanza kulilea, kuliongezea rangi, harufu na ladha. Sisi tuliokunywa tulikuwa tunalijua bila kusoma. Ila mimi lilinifungua macho kwa upande mmoja: kama kiu inajengwa kwa picha, basi tunaweza kugombana nayo hukohuko kwenye picha.

Nilikuwa fundi cherehani Manzese. Siku hizi najitolea kwenye nyumba moja ya upataji nafuu hapa Dar es Salaam, na hatua zifuatazo ndizo ninazowafundisha watu walio kwenye wiki zao za mwanzo.

Kabla ya yote: je, unaweza kuacha ukiwa nyumbani?

Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usijifungie chumbani ukaacha ghafla kwa kutegemea mazoezi haya ya pumzi. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla huanza kulalamika ndani ya siku ya kwanza: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Degedege linaweza kutokea, mara nyingi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa kabisa, huona na kusikia visivyokuwepo, na hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua.

Mimi siku ya pili niliona nyuzi nyekundu zikitambaa ukutani. Jirani alinikuta nimepiga magoti nazikusanya nizizungushe kwenye bobini. Alinipakia kwenye bajaji hivyo hivyo, pekupeku.

Hospitali wana dawa za kutuliza hali hiyo, jamii ya diazepam, na hukupa vitamini B1 ambayo pombe humaliza mwilini. Mwambie daktari kiasi unachokunywa kweli. Ukitaja bia mbili wakati ni nane, unamfanya apange matibabu ya mtu mwingine. Walioko Kenya wana namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya: 1192. Ukishatulizwa mwili, rudi hapa.

Hatua ya 1: Chagua kiti na saa

Kiti cha plastiki kinatosha. Ukingo wa kitanda pia. Nyayo zote mbili chini, mgongo umenyooka bila kukakamaa, mikono juu ya mapaja. Dakika tatu asubuhi kabla ya kushika simu, na dakika tatu nyingine nusu saa kabla ya ile saa yako mbaya. Yangu ilikuwa saa kumi na moja jioni, kwa hiyo nilikuwa nakaa saa kumi na nusu. Yako inaweza kuwa saa mbili usiku watoto wakishalala, au siku ya mshahara ujumbe wa pesa ukiingia kwenye simu.

Usikae na njaa. Njaa ya jioni inajifanya kiu ya pombe, na walevi wengi hatujui tofauti kwa sababu kwa miaka tulikuwa tunazijibu zote mbili kwa chupa. Kula kwanza hata viazi viwili.

Watu huniuliza kama hili jambo linapingana na dini yao. Kuna waliosikia neno “meditesheni” wakafikiri nawaita kwenye imani ngeni. Mimi huliita kutulia, basi. Mkristo anaweza kulifanya kabla ya sala, Mwislamu akishamaliza dhikri yake, na asiyesali akalifanya hivyo hivyo. Hata zile hatua 12 za Alcoholics Anonymous, chama kilichoanza Marekani mwaka 1935, katika hatua ya 11 zinataja sala na tafakari pamoja.

Hatua ya 2: Hesabu pumzi

Vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne. Toa polepole ukihesabu mpaka sita. Hiyo ni pumzi moja. Endelea mpaka pumzi ya kumi, kisha anza upya.

Hutafika kumi. Pumzi ya tatu utakuwa unawaza kodi ya nyumba, au yule uliyemtukana ukiwa umelewa. Ukigundua umepotea, rudi kwenye moja bila kujigombeza. Wapo wanaoacha zoezi siku ya pili wakisema “mimi akili yangu haitulii”. Ya nani inatulia? Kule kugundua kwamba umepotea na kurudi ndiko mazoezi yenyewe, maana jioni utahitaji uwezo huohuo: kugundua kwamba tayari unaitazama chupa.

Ukifumba macho ukapata hofu, yafumbue. Tazama kitu kimoja, komeo la mlango kwa mfano, na usikie sakafu chini ya nyayo. Wenye mambo mazito ya zamani hupata hivyo mara nyingi, na wao ni heri wafanye zoezi wakitembea, wakihesabu hatua, huku wana mshauri wa kuzungumza naye.

Hatua ya 3: Ikabili kiu kama wimbi

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Marehemu Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, aliwafundisha watu kuipanda kiu kama mtu anavyopanda wimbi. Mimi kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao nimekuona kwenye televisheni tu. Nilielewa siku mvuvi mmoja wa Kunduchi, aliyekuwa kwenye kikundi chetu, aliposema, “Kumbe ni omo!”, yaani ile sehemu ya mbele ya chombo. Akatueleza: wimbi kubwa likija, huwezi kulikimbia na huwezi kulizuia. Unalielekezea omo. Ukilipa ubavu, chombo kinapinduka.

Kuipa kiu ubavu ni kubishana nayo. “Ninywe? Nisinywe? Moja tu? Lakini jana sikunywa.” Mjadala huo nimeushiriki mara nyingi sana, na sikumbuki siku niliyoshinda.

Kuipa omo ni hivi. Kaa, au simama hapo ulipo. Jiambie: kiu imekuja. Kisha itafute mwilini. Wengine iko kooni, wengine kwenye taya, tumboni, viganjani. Yangu ilikuwa inakaa chini ya ulimi na kwenye mabega. Ipe namba, sifuri mpaka kumi. Tuseme saba. Ni ya moto au ya baridi? Inakaza au inawasha? Inahama? Pumua taratibu ukielekea hapohapo, na kila baada ya dakika mbili au tatu ipe namba tena. Saba, nane, nane, sita. Itapanda kwanza, usishtuke. Kisha itashuka hata kama hukuinywea kitu, na mara nyingi haimalizi nusu saa.

Marlatt na wenzake waliyageuza mafunzo haya kuwa kozi ya wiki nane. Mwaka 2014 Sarah Bowen na wenzake walichapisha utafiti wa watu 286 waliokuwa wamemaliza matibabu ya mwanzo ya ulevi na dawa za kulevya. Baada ya miezi 12, waliopita kwenye kozi hiyo walikuwa na siku chache zaidi za kutumia kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Angalia lakini: walikuwa wamekwisha kutibiwa kwanza.

Hatua ya 4: Tengeneza picha yako

Sasa tunaipa akili kitu kingine cha kutazama. Jicho la ndani haliwezi kushika picha mbili kali kwa wakati mmoja; ukiliwekea moja yenye rangi na harufu, ile ya chupa inafifia.

Kosa la kawaida ni kuchagua ufukwe. Kila mtu anachagua ufukwe, na baada ya dakika moja kuna mtu anapita na bia baridi. Mwenzetu mmoja kutoka Rombo alichagua mgomba nyuma ya nyumba ya bibi yake. Picha nzuri, kivuli kizuri, ila mgomba ulimpeleka kwenye ndizi, ndizi zikampeleka kwenye mbege, ile pombe ya ndizi. Tukambadilishia: sasa anamkamua ng'ombe.

Chagua kazi ya mikono unayoijua. Yangu ni kola ya shati la shule. Kitambaa cheupe kipya, kile chenye wanga, kinanukia duka. Nalamba ncha ya uzi, naibana kwa kidole gumba na cha shahada, tundu la sindano naliona dhidi ya mwanga wa mlango. Uzi unapita. Mguu uko kwenye pedali, chuma chake ni baridi. Nasikia cherehani inaanza polepole. Nafika kwenye pembe ya kola, nasimamisha, nainua mguu wa mashine, nageuza kitambaa.

Ijenge asubuhi ukiwa umetulia, siku saba mfululizo, picha ileile. Usiibadili kila siku. Kiu ikifika saba huwezi kuanza kutafuta picha. Inabidi iwepo tayari, kama mwavuli mlangoni.

Hatua ya 5: Peleka mkanda mpaka mwisho

Picha ya kiu huwa inakatika kwenye glasi ya kwanza. Haikuonyeshi ya sita. Siku mbili tatu kwa wiki, asubuhi tu, uendeleze mkanda wenyewe. Wangu unapita grosari, unafika nyumbani, mtoto anajifanya amelala lakini kope zinacheza. Kesho yake natoa sindano kwa kijana niliyekuwa namfundisha kazi, anitungie uzi, kwa sababu mikono yangu haiwezi. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Usifanye zoezi hili ukiwa na kiu kali, wala usilifanye kwa kujitukana. Aibu ni sababu nzuri sana ya kunywa.

Hatua ya 6: Fanyia mazoezi njia na maneno

Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen ameonyesha kwamba anayebaki kuota mafanikio peke yake hulegea, tofauti na yule anayeiona ndoto pamoja na kizuizi chake. Kwa hiyo usijione tu ukiwa umenenepa na suti kanisani. Jione kituoni, grosari ile pale, na rafiki ameshakuona. Unafanyaje? Mimi nilijiona nikibaki ndani ya daladala na kushuka kituo kinachofuata. Nilikuwa nimeshuka hapo kichwani mara ishirini kabla ya kushuka kweli.

Maneno nayo yasemwe kwa sauti. Harusini mtu atakwambia, “Vipi mwenzetu, umeokoka?” Ukijibu “natumia dawa” utapona jioni moja, kisha watakuuliza dozi inaisha lini. Mimi huwa nafika nikiwa nimeshika soda yangu. “Nashukuru kaka, mimi na hii.” Nacheka nao, naulizia watoto. Akisisitiza mara ya tatu, nakwenda kuwasalimia wazee.

Hatua ya 7: Ukiteleza

Mpigie mtu usiku huohuo, mtu uliyemchagua mapema na ambaye hanywi. Kama umekunywa siku kadhaa mfululizo, soma tena ile sehemu ya mwanzo kuhusu hospitali kabla ya kuacha tena ghafla.

Mimi niliteleza siku ya 41, kwenye msiba. Kesho yake saa kumi na nusu nilikaa kwenye kiti kilekile, mdomo bado unanuka. Nilifika pumzi ya nne, nikapotea, nikarudi kwenye moja.