Jinsi ya kutua ndege ndogo bila kupitiliza mwisho wa njia

Aprili moja, masika yakiwa yamekolea, nilitua na abiria wawili kwenye njia ya nyasi Maasai Mara, katika Cessna 172. Tulisimama hatua chache kabla ya mtaro, ndege ikiwa imekaa mshazari. Breki nilikuwa nimekanyaga mapema, lakini magurudumu yalijifunga yakateleza kama juu ya sabuni. Kosa lenyewe nilikuwa nimelifanya kabla ya kugusa ardhi. Moshi wa jiko la kambi ulikuwa umelala kuelekea kule kule nilikokuwa nakwenda. Upepo ulikuwa mgongoni, nami nikaona uvivu wa kuzunguka nitue kutoka upande wa pili.

Tangu siku ile hesabu naifanya chini, kabla ya kuwasha injini. Kitabu cha 172S, toleo mojawapo la Cessna 172, kinasema ndege yenye uzito kamili, ikipita juu ya kizuizi cha futi 50, inahitaji mita 407 hivi kusimama. Hiyo ni lami kavu usawa wa bahari, ndege mpya na rubani hodari. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imekuwa ikiwashauri marubani binafsi waongeze asilimia 5 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, na wazidishe kwa 1.35 nyasi zikiwa mbichi kwa mvua. Kwa futi 5,000 na nyasi mbichi, mita 407 zinakuwa 700. Kisha zidisha kwa 1.43, akiba ya usalama: karibu mita 1,000. Njia ikiwa fupi kuliko hapo, mimi siendi. Abiria akinuna, na anune.

Upepo wa mgongoni uogope kuliko unavyoogopa nyasi. Cessna wenyewe wanaongeza asilimia 10 ya umbali kwa kila noti 2 za upepo huo (noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa). Kama hakuna soksi ya upepo, pita juu kwanza utazame moshi, vumbi, mawimbi ya bwawani. Angalia pia wanyama, maana pundamilia hawasomi ratiba yako.

Kisha mwendo. Kwa kutua kwenye njia fupi, 172S hukaribia kwa noti 61, kama kilomita 113 kwa saa. Ukizidisha kwa asilimia 10 tu, mzigo wa breki unaongezeka kwa asilimia 21, na ndege itaelea, itaelea, huku njia ikiisha chini yako. Waliojifunzia uwanja wa Wilson, Nairobi, zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, wanajua kwamba kipimo kikionyesha 61, ardhi inakimbia kwa noti 67 au zaidi, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Macho yatakudanganya uone unakwenda mbio mno, au uone uko sawa. Amini kipimo.

Kabla ya kushuka, chagua alama ndani ya theluthi ya kwanza ya njia: kichuguu, mti, jiwe jeupe. Itaje kwa sauti. Magurudumu yasipokuwa yamegusa na kutulia ukifika hapo, sukuma nguvu yote upae, upunguze flapu (vibao vya nyuma ya mbawa) taratibu. Usijadiliane na nafsi yako.

Ukishagusa, rudisha flapu juu ili uzito ukae kwenye magurudumu (kwenye ndege ya magurudumu yanayokunjwa hakikisha mkono uko kwenye mpini wa flapu, si wa magurudumu), kisha breki kwa kukanyaga na kulegeza.

Na ikiwa njia imebaki kidogo nawe umeshaanza kufunga breki, usijaribu kupaa tena. Kugonga ua ukiwa unatambaa kunavumilika. Kugonga miti ukiwa hewani kwa noti 60 kunaua. Kata mafuta, zima magneto (zinazotoa cheche za injini) na umeme, fungua mlango kidogo usije ukakwama, elekeza ndege katikati ya vizuizi, mbawa ndizo zipigwe na chumba cha watu kisalimike. Ikisimama, wote watoke na kwenda upande unakotoka upepo.